Laptopu ya Mtumba Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Mfumo Endeshi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, mfumo endeshi (programu kuu inayoendesha kompyuta yote) ulioingia sokoni Julai 2015. Kesho yake hakuna kompyuta iliyogoma kuwaka. Watu waliendelea kuandika barua, kutazama filamu na kujaza fomu kama kawaida, ndiyo maana wengi hawakushtuka. Lakini tangu siku hiyo, kila tundu jipya linalogunduliwa ndani ya Windows 10 linabaki wazi kwenye kompyuta ambayo mwenyewe hakuchukua hatua yoyote.

Huku kwetu jambo hili linagusa wengi, maana kompyuta ya nyumbani mara nyingi ni laptopu iliyokwisha kutumika: HP EliteBook, Dell Latitude au Lenovo ThinkPad iliyomaliza zamu yake katika ofisi ya Ulaya au Marekani, ikapita Dubai, ikaishia Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi. Mnunuzi anauliza, "Ina Windows?" Muuzaji anajibu, "Ipo, nimeshakupigia." Jibu hilo halimwambii mnunuzi ni Windows ipi, ina leseni gani, wala itapata masasisho mpaka lini.

Nitoe msimamo wangu mapema. Mfumo endeshi wa nyumbani huamuliwa na mambo mawili: mashine yenyewe inaweza nini, na je, ipo programu moja au mbili ambazo huwezi kuziacha? Ukishajibu hayo mawili kwa ukweli, ubishi wa Windows na Linux, mfumo endeshi wa bure, unakwisha wenyewe. Kwa hiyo tusianze na majina ya mifumo.

Hatua ya 1: Andika kazi, kisha zitenge mafungu mawili

Chukua karatasi uandike kila kitu ambacho watu wa nyumba hiyo watakifanya kwenye kompyuta. Usiandike "matumizi ya kawaida", maana maneno hayo hayasemi kitu. Andika "kujaza ritani", "mtoto kujifunza kuchapa", "kuhariri video za harusi", "kuangalia mpira", "kutengeneza vipeperushi vya duka la mama". Waulize na wengine. Kazi inayosahaulika ndiyo inayokuja kuleta kisirani mwezi wa pili.

Fungu la kwanza ni kazi zinazofanyika ndani ya kivinjari: YouTube, barua pepe, WhatsApp Web, Canva, Google Docs, eCitizen, Ajira Portal, benki mtandaoni. Chrome na Firefox zinafanya kazi hizo kwa namna ileile kwenye Windows, Linux na Mac. Orodha yako yote ikiangukia hapa, uko huru kabisa kuchagua, na hutakiwi kulipia chochote.

Fungu la pili ni programu zinazowekwa kwenye mashine, na hapa ndipo pa kuwa makini. Tally, ambayo wahasibu wengi wa maduka wanaitumia, ni ya Windows. FL Studio, inayopendwa na watayarishaji wa muziki, ina matoleo ya Windows na Mac, ya Linux haina. Photoshop na Premiere, za kuhariri picha na video, ni hivyohivyo. Kijana anayecheza EA Sports FC kwenye kompyuta naye anahitaji Windows, kwa sababu mtambo wa kuzuia udanganyifu ndani ya mchezo huo hauikubali Linux. Kwa Kenya ongeza fomu za Excel za iTax (mfumo wa kodi mtandaoni) zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili: ukizitegemea kila mwaka, tafuta njia ya kuwa na Excel halisi ya Windows, au jaza kwa kompyuta nyingine siku hiyo moja.

Neno moja kuhusu Word, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapojidanganya, kwa pande zote mbili. LibreOffice, ambayo ni ya bure, inafungua na kuhifadhi faili za Word na Excel. Kwa barua, wasifu wa kuombea kazi, matokeo ya darasa na bajeti ya nyumbani inatosha kabisa. Hata fonti imezifikiria: pasipo Times New Roman inaweka Liberation Serif, na pasipo Calibri inaweka Carlito, zenye upana uleule wa herufi, ili mistari isihame. Lakini waraka wenye majedwali mengi na visanduku vya kujaza, unaokwenda na kurudi kati yako na ofisi inayotumia Word, utavurugika mahali fulani. Ukituma kazi iliyokamilika, tuma PDF. Ukihariri pamoja na wenzako wa Word kila siku, tumia Word yenyewe, au Word ya kwenye kivinjari, ambayo ni bure kwa mwenye akaunti ya Microsoft.

Hatua ya 2: Ijue mashine kabla ya kutoa pesa

Kama laptopu ipo dukani, iwashe na uikague hapohapo. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Anza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Soma mstari wa Processor. Kwa prosesa za Intel Core, kizazi kinasomeka kwenye tarakimu za mwanzo baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10, i5-1135G7 ni cha 11. Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 na kuendelea, au, kwa laptopu za AMD, Ryzen za mfululizo wa 3000 na kuendelea, pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), ram (kumbukumbu ya kazi) isiyopungua GB 4 na diski isiyopungua GB 64. Kuangalia TPM, rudi kwenye Windows na R, andika tpm.msc, kisha tazama pameandikwa 2.0 au la.

Usiamini sura ya nje wala neno "i5" peke yake. Wauzaji wengi hutaja i5 au i7 wakanyamaza, ilhali i7 ya kizazi cha 4 imeachwa mbali na i5 ya kizazi cha 8. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, na G4 kwa kawaida ni ya 7. Zote mbili ziko nje ya orodha ya Windows 11. ThinkPad T480 kwa kawaida imo, T470 haimo. Ukifika kwenye EliteBook 840 G5 na Latitude 7490 usikisie, soma namba, kwa sababu ziliuzwa nyingine zikiwa na kizazi cha 7 na nyingine cha 8.

Ram: GB 8 ndiyo ya kustarehe. GB 4 inavumilika kwa mfumo mwepesi. Kinachokula ram sana siku hizi ni kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa, kwa hiyo hata mfumo mwepesi kiasi gani hautakuokoa ukiwa na GB 2. Habari njema ni kwamba EliteBook na ThinkPad nyingi za aina ya T zinafunguka na kuongezwa ram. Zile nyembamba sana kama X1 Carbon ram yake imechomelewa kwenye bodi. Uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Diski: kama ndani kuna diski ya kuzunguka, ya HDD, badilisha iwe SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, kabla hujafikiria mfumo wowote. Sijui ushauri mwingine wa kompyuta wenye faida kubwa kuliko huu kwa bei yake. Mashine ya miaka minane inayochukua dakika kadhaa kuwaka itawaka kwa sekunde, na hiyo kazi ya kubadilisha ni bisibisi na nusu saa ya fundi.

Kisha kuna mambo ambayo hayaandikwi kwenye kipeperushi. La kwanza ni betri. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, na ufungue faili itakayotengenezwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ikiwa ya pili ni chini ya nusu ya ya kwanza, hesabu bei ya betri mpya ndani ya mapatano, hasa kama unaishi mahali umeme unapokatika katikati ya kazi.

La pili ni kufuli la ofisi ya zamani. Baadhi ya laptopu hizi bado zimesajiliwa kwenye mfumo wa kampuni iliyozimiliki. Windows iliyopigwa kienyeji inaweza kulificha jambo hilo, lakini siku utakayoweka Windows upya na kuunganisha intaneti, inatokea skrini yenye jina la kampuni ya mbali ikidai barua pepe ya kazini. Bonyeza pia F10, au F2, au F1 wakati wa kuwasha, kulingana na aina, uone kama BIOS, sehemu ya mipangilio ya msingi ya mashine, inafunguka bila nenosiri. Ikiwa imefungwa, huenda usiweze hata kuwasha kwa flashi. MacBook nazo zina kufuli la akaunti ya Apple: usitoe hela mpaka mashine imefutwa na kuanzishwa upya mbele yako bila kudai akaunti ya mtu.

La tatu ni leseni. Andika slmgr /dli kwenye Windows na R. Ukiona OEM_DM, leseni ni ya kiwandani, imo ndani ya mashine yenyewe, na toleo lilelile la Windows likiwekwa upya litajitambua bila kuuliza ufunguo. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, hiyo ni aina ya leseni ya mashirika, na kwenye laptopu ya dukani karibu kila mara maana yake ni kwamba imechakachuliwa kwa kiprogramu. Viprogramu hivyo hudai uzime kinga ya virusi kwanza ndipo vifanye kazi. Fikiria mtu anayekuomba uondoe kitasa ili akuwekee mlango bure. Kwa laptopu ya kuingilia benki, mimi siikubali Windows ya namna hiyo hata kwa zawadi. Bahati nzuri, nyingi ya EliteBook na Latitude hizi zilizaliwa na leseni halali ya Pro. Fundi alipiga ya kuchakachua kwa mazoea tu, na kuweka Windows safi ya toleo la Pro kunairudisha ile ya asili.

Hatua ya 3: Sasa amua

Mashine ya kizazi cha 8 na kuendelea, yenye ram GB 8, SSD na leseni ya kiwandani: weka Windows 11 uendelee na maisha. Hakuna sababu ya kujitafutia mitihani. Ndugu, jirani na fundi wa mtaani wote wanaijua, programu zote za fungu la pili zinaingia, printa inakubali. Kasoro zake ni mbili kwa mtu wa nyumbani. Windows 11 Home inadai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuanza, na inapenda kupakua vitu vikubwa bila kukuuliza. Dawa ya hili la pili iko hatua ya mwisho.

Mashine ya kizazi cha 7 kurudi nyuma ndiyo yenye mjadala. Una njia tatu.

Njia ya kwanza ni kubaki Windows 10 kwa kujiandikisha kwenye mpango wa Microsoft wa masasisho ya ziada, unaofika 13 Oktoba 2026. Unapatikana ndani ya Settings, upande wa Windows Update, kwa mashine yenye toleo la 22H2. Unaweza kulipa dola 30, au ukapata bure kwa kukubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Hii ni njia ya kununua muda, na inamfaa yule mwenye Tally au fomu za makro ambaye anadunduliza hela ya mashine nyingine.

Njia ya pili ni kulazimisha Windows 11. Programu ya Rufus inaweza kutengeneza flashi ya Windows 11 isiyouliza TPM wala prosesa, na kwenye mashine ya kizazi cha 6 au 7 mfumo unakwenda vizuri tu. Shida ni kwamba Microsoft haijaahidi mashine hizo masasisho, na toleo jipya la kila mwaka halijishushi lenyewe. Mtu anatakiwa alipandishe kwa mkono. Kama wewe ndiye fundi wa nyumba, sawa. Kama unamwekea mzazi aliye Tabora na wewe uko Muscat, usifanye hivyo.

Njia ya tatu ni Linux, na kwa laptopu hizi ndiyo ninayoipendekeza kwa kila ambaye fungu lake la pili ni tupu. Linux ina ladha nyingi, na wingi huo huwakatisha tamaa wanaoanza. Usizunguke. Chukua Linux Mint. Imejengwa juu ya Ubuntu, Linux nyingine maarufu, ni bure, na sura yake haimpotezi aliyezoea Windows: menyu iko kona ya chini kushoto, saa iko kulia, folda ziko pale unapozitarajia. Mint 22, iliyotoka Julai 2024, itapata masasisho mpaka 2029. Kuna matoleo matatu ya sura: Cinnamon kwa mashine yenye ram GB 4 na zaidi, Xfce kwa mashine dhaifu, na MATE iliyo katikati, ambayo unaweza kuiruka.

Faida ambayo haisemwi sana ni ya bando. Ukimaliza kuweka Mint, tayari una Firefox, LibreOffice, programu ya barua pepe, ya kuangalia video na ya kusoma PDF. Ukimaliza kuweka Windows una kivinjari na vitu vya msingi, lakini programu kamili ya ofisi huna. Hiyo unaitafuta, unaipakua, na hapo ndipo watu huangukia tovuti za kuchakachua.

Faida ya pili anaijua kila aliyewahi kwenda kuchapisha kitu steshenari. Unachomeka flashi kwenye kompyuta ya pale, ukirudi nyumbani folda zako zote zimegeuka njia za mkato na faili zimefichwa. Kirusi hicho kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Kwenye Linux hakina pa kushika: unachomeka flashi, unaona faili zako halisi, unafuta takataka, basi. Linux nayo ina maadui zake, na mtu akikutapeli kwa barua pepe hakuna mfumo utakaokuokoa, lakini huyu wa flashi, anayesumbua nyumba nyingi zaidi huku kwetu, unamsahau.

Upande wa lugha, usitegemee makubwa popote. Windows ina kifurushi cha Kiswahili cha kubadilishia menyu, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Juhudi za aina hiyo hazikupata mwendelezo wa kutosha. Utakachokutana nacho kila siku ni Kiingereza, kwa mfumo wowote utakaochagua.

ChromeOS Flex, mfumo endeshi wa bure wa Google, niitaje kwa ufupi. Inataka ram GB 4 na diski ya GB 16, inafuta kila kilichomo, na inakupa kivinjari na si zaidi sana. Programu za Android haina, tofauti na Chromebook, laptopu zinazouzwa na ChromeOS yenyewe. Kwa mzee anayetaka YouTube na picha za wajukuu ni nzuri mno, maana hakuna cha kuharibu. Lakini intaneti ikikatika inabaki na kazi chache, kwa hiyo pale bando linapoisha katikati ya mwezi sishauri.

Na Mac? Mfumo wa Apple unakwenda na mashine ya Apple, hauuzwi kando. Onyo langu ni moja: MacBook Air za 2015 na 2017 zinazometameta madukani zinaishia macOS Monterey ya 2021, na Apple imetangaza kwamba macOS Tahoe ya 2025 ndiyo ya mwisho kwa mashine za Intel. Ukitaka Mac ya mtumba, anza na yenye M1, chipu ya Apple yenyewe, zilizotoka Novemba 2020. Chini ya hapo unanunua nembo.

Hatua ya 4: Onja bila kuharibu kitu

Uzuri wa Linux ni kwamba unaweza kuiwasha kutoka kwenye flashi na kuitumia bila kugusa diski. Fanya hivyo kabla ya uamuzi wa mwisho.

Unahitaji flashi ya GB 8 isiyo na kitu cha maana, kwa sababu itafutwa. Pakua faili ya Mint kutoka tovuti yao rasmi. Ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku au tumia Wi-Fi ya mahali. Fungua Rufus au balenaEtcher, chagua faili, chagua flashi, anza. Hakikisha mara mbili kwamba ulichochagua ni flashi na si diski ya nje yenye picha za familia.

Zima laptopu, chomeka flashi, washa huku ukigonga kitufe cha kuchagua chanzo: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kwa Asus nyingi. Chagua flashi, kisha Start Linux Mint. Baada ya dakika moja au mbili utaona skrini ya Mint. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi; ikiwekwa kwenye SSD mwendo ni mwingine.

Sasa ipe mtihani wa kweli. Unganisha Wi-Fi. Cheza video usikilize sauti. Fungua kamera. Ongeza na punguza mwanga wa skrini. Funga kifuniko, subiri kidogo, kifungue uone kama inaamka. Chomeka printa. Fungua faili zako za Word zilizo ngumu kuliko zote. Kama Wi-Fi haionekani, hasa kwenye mashine zenye kadi ya Broadcom, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Mint inaitambua papo hapo, na ukitumia Driver Manager utapata driva ya Wi-Fi, yaani programu ya kuiwezesha kadi hiyo. Printa za HP na Epson kwa kawaida hazisumbui. Baadhi ya Canon ndizo zenye ukaidi, kwa hiyo zijaribu kwanza.

Mwite na mtu mwingine wa nyumbani akae dakika kumi bila wewe kumwelekeza. Akifika kwenye YouTube na kuandika barua bila kukuita, umefaulu.

Hatua ya 5: Hifadhi, kisha weka

Nakili kila faili unayoipenda kwenye diski ya nje. Usisahau folda ya Downloads na vilivyotawanyika Desktop, ambako nyumba nyingi huhifadhi vyeti vilivyoskaniwa. Manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye Chrome hakikisha yameunganishwa na akaunti yako ya Google. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kuficha data, ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uandike ufunguo wa kuifungulia kwenye karatasi. Watu wamepoteza picha za miaka mingi kwa kukosa tarakimu hizo 48.

Kisha ondoa diski ya nje kabisa, ili usije ukaichagua kwa bahati mbaya wakati wa kuweka.

Kwa Mint, washa tena kwa flashi, bofya Install Linux Mint, kubali kuwekewa kodeki (viprogramu vya kuchezea video na muziki) kama una intaneti, na utafika kwenye swali kubwa: kufuta diski yote au kuweka pembeni ya Windows. Wengi wanapenda kuweka vyote viwili wakidhani ni usalama. Ukweli ni kwamba mfumo usiotumika unazeeka bila masasisho, unakula nafasi, na siku moja unakorofisha mwenzake wakati wa kuwasha. Weka viwili ikiwa tu una programu ya fungu la pili unayoihitaji mara mojamoja, na hapo zima kwanza Fast Startup ndani ya Windows, uwe na GB 60 tupu angalau. Vinginevyo futa yote. Kama diski haionekani kabisa kwenye orodha, ingia BIOS ubadilishe hali ya diski kutoka RAID au Intel RST kwenda AHCI. Kama umeamua kubakiza Windows, usiguse mpangilio huo bila fundi, maana Windows inaweza kugoma kuwaka.

Kwa Windows 11, tumia zana ya Microsoft ya kutengeneza flashi. Hakikisha laptopu iko kwenye chaji na betri imejaa. Umeme ukikatika mfumo unapoandikwa, utaanza upya.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza

Kwenye Windows, jambo la kwanza ni kulinda bando. Nenda kwenye Settings, sehemu ya mtandao, chagua Wi-Fi unayotumia na uwashe Metered connection. Fanya hivyo kwa hotspoti ya kila simu ya nyumbani, maana mpangilio unashika mtandao mmojammoja. Kisha kwenye Windows Update tafuta Delivery Optimization uizime, ili kompyuta yako isigawie wengine masasisho kwa bando lako. Baada ya hapo panga siku moja kwa mwezi ya kupakua masasisho kwa Wi-Fi nzuri. Kuzuia masasisho moja kwa moja, kama mafundi wengi wanavyofanya ili "isikule MB", ni kurudi kulekule kwenye Windows 10 iliyoachwa.

Kwenye Mint, masasisho hayajiwashi mpaka uyaruhusu. Kingao kidogo chini kulia kinakuonyesha yapo na yana ukubwa gani. Ukitafuta programu kwenye Software Manager utaona nyingine zina matoleo mawili, la kawaida na la Flatpak, linalokuja na kila kinachohitajika ndani yake. Chagua la kawaida kama lipo. Flatpak ya kwanza huja na mizigo yake ya mamia ya MB. Washa pia Timeshift, inayopiga picha ya mfumo ulivyo leo, ili ukiharibu kitu uurudishe. Timeshift inalinda mfumo. Faili zako za familia bado zinahitaji diski ya nje.

Kwa mifumo yote miwili, fungua akaunti ya kila mtu. Watoto wapewe akaunti ya kawaida isiyo na mamlaka ya kuweka programu, na nenosiri la msimamizi libaki kwa mtu mzima mmoja.

Na ile flashi ya Mint usiifute, hata kama mwishowe umeamua kubaki na Windows. Siku Windows itakapokataa kuwaka usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ya maombi ya kazi, utaiwasha laptopu kwa flashi hiyo, utafungua diski, utanakili vyeti vyako kwenye flashi nyingine, na utamalizia maombi palepale kwa Firefox. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, Mint itaomba ule ufunguo wa tarakimu 48 uliouandika kwenye karatasi.